Karani na Kobe wa Ishiara

Kama ulipeleka kahawa kwenye kiwanda chetu huko juu ya Runyenjes, miaka ile kahawa ilipokuwa inalipa, basi unamkumbuka Karani, na pengine bado una hasira naye. Alisimama kando ya mizani na sweta yake ya kijivu, jua liwake au mvua inyeshe, akatumbukiza mkono ndani ya debe lako mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya kahawa ya chini kabisa, ile uliyodhani umeificha vizuri. Akiona tunda moja la kijani hakusema neno. Alisukuma debe pembeni kwa mguu, nawe ukajua ni kukaa chini uchambue upya huku wenzako wakikucheka. Mimi nimechambua upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na nilikuwa jirani yake, shamba langu na lake likitenganishwa na ua wa kayaba.

"Karani, si mimi ni jirani yako?" nilimwambia siku moja.

"Kahawa haina jirani, Mama Ireri," akajibu, na debe likaenda pembeni.

Huyo ndiye mtu aliyevua kofia yake katikati ya shamba, mvua inamnyeshea utosini, ili kinyonga apate mahali pakavu pa kukaa.

Kwetu kinyonga si mnyama wa kuchezea. Mama zetu walituambia kwamba ndiye aliyetumwa na Mungu aje kutuambia hatutakufa, akatembea kwa madaha yake yale, hatua moja mbele, hatua moja nyuma, mpaka ndege akamtangulia na habari nyingine. Tangu siku hiyo tunakufa, na yeye bado anatembea vile vile. Sasa wewe fikiria wanawake wako kwenye safu ya kahawa, vikapu vimejaa, halafu mmoja anashika tawi anakuta linamtazama kwa jicho moja huku jicho la pili likitazama Meru. Nduru itakayopigwa hapo! Safu nzima inateremka mbio, kahawa inamwagika, na hakuna atakayerudi kwenye mti ule siku hiyo.

Hapo ndipo Karani alipokuwa akiitwa aje. Alikuja na kofia yake, akatafuta kijiti, akakiweka mbele ya mnyama na kungoja. Hakumvuta wala kumsukuma. "Twende, mzee," alimwambia, kama anayemsindikiza baba mkwe. Kama ni jike alisema, "Twende, mama." Na kinyonga, ambaye hana haraka na mtu yeyote duniani, alipanda kijiti, akaingia kwenye kofia, nasi tukarudi kuchuma. Mwanzoni alikuwa akiwapeleka msituni na kuwaachilia. Baadaye, sijui lini hasa, kofia ikaanza kuishia nyumbani kwake. Akajenga vibanda vya waya ya kuku chini ya miti ya kahawa. Akapata kibali kwa bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akapata na mnunuzi wa kuwapeleka ng'ambo, Mwislamu mmoja mpole wa Majengo kule Meru, aliyekuja na masanduku yenye matundu, akazungumza Kiswahili kizuri mpaka tukaona haya kufungua midomo.

Wale wa pembe tatu ndio waliopendwa na wazungu, na hao hawatagi mayai. Karani hakujua. Alikuwa ametayarisha mchanga, akauchekecha, akangoja mayai. Asubuhi moja nasikia mtu anapasua ua wangu wa kayaba, miiba na yote, shati limechanika begani.

"Mama Ireri! Amezaa!"

"Nani? Ng'ombe?"

"Kinyonga! Amezaa watoto wazima kama mbuzi!" Na mtu huyu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mizani ikiwa karibu, alikuwa anatokwa machozi.

Alikuwa na misemo yake juu ya wanyama, na aliirudia mpaka ukaijua kama Baba Yetu. Wa kwanza: "Usichague mnyama kwa sura, mchague kwa shida zake." Alitaka kusema kwamba kila kiumbe kina shida, na swali ni shida ipi wewe unaweza kuibeba. Wa pili ulikuwa maswali matatu: anakula nini wakati wa njaa, anajificha wapi akiogopa, na anaweza kukaa na nani. Kama huna majibu hayo, alisema, huyo si mnyama wako, umemwiba tu. Na wa tatu: "Mgeni akila mbele yako, amekubali." Mnyama mpya hana neno la kukuambia, alisema. Utakaa naye siku nyingi, atakunywa maji ukiwa umegeuka, atakula ukiwa umelala. Siku atakapochukua chakula ukiwa umeketi hapo unamtazama, siku hiyo ndiyo mmepatana. Kwa hiyo Karani aliketi. Alikuwa na kigoda kidogo cha miguu mitatu, akakiweka mbele ya kibanda, mikono juu ya magoti, akatulia, akamngoja kinyonga ale nzi.

Sasa nikuambie lililonikera. Mtu huyu aliyemwita kinyonga "mama" alimwita mke wake kwa kupiga kelele kutoka sebuleni. "Maji!" "Viatu!" "Mgeni!" Ungemsikia ukiwa ng'ambo ya ua. Hakuwa mkali, hapana, na hakuwahi kumwinulia mkono. Ni desturi tu. Kwetu siku zile mwanamume alikula sebuleni, peke yake au na wageni, na mwanamke alikula jikoni, ameketi karibu na moto, akishamaliza kuwapakulia wote. Wanaume wa kijiji chetu walijua wake zao wanapika nini. Kama wanakula, hilo walikuwa wanaliamini tu.

Mke wake tulimwita Mama Nyaga. Alikuwa Mmbeere wa karibu na Ishiara, kule chini kwenye mawe na joto, na alipoletwa kwetu akiwa msichana tulimpokea vizuri sana. Hilo nitalisema kila mahali. Kila nyumba aliyoingia alipewa ndizi, nduma, mukimo, chai ya maziwa mazito. "Kula, mama, kwenu hakuna," tulimwambia. Alikuwa mwembamba, tukaona huruma. Alikuwa anakohoa kila Julai ukungu unaposhuka, tukamwambia atazoea. Alisema asante. Ni mtu wa asante, na wa maneno machache.

Siku ya harambee ya mabati ya kanisa alikuja amejifunga kitambaa kizuri cha kijani kichwani. Mchungaji akasema tufumbe macho tuombe. Maombi yalikuwa marefu, nami nikafumbua jicho kidogo, na nikaona juu ya kitambaa cha Mama Nyaga kitoto cha kinyonga, si kikubwa kuliko kidole, kimeshika upindo kwa mkia, kinatazama kutaniko. Woi! Nikamnong'oneza, "Usisogee." Nani akiambiwa hivyo hasogei? Mwanamke wa nyuma akaona, akaruka, benchi likapinduka, na kabla mchungaji hajafika kwenye amina wanawake wote wa upande ule walikuwa nje. Mama Nyaga alibaki amekaa peke yake. Hakupiga kelele. Alifungua kitambaa polepole, akakiweka juu ya benchi pamoja na mgeni wake, akatoka kichwa wazi, akapita katikati yetu, akaenda nyumbani.

Muda si mrefu habari zikaja kwamba mama yake anaugua. Akashuka Ishiara kumwuguza. Mama yule akapona, akaugua tena, akafa, tukaenda kumzika, tukarudi. Mama Nyaga hakurudi. Kijiji chote kikasema vinyonga wamemfukuza, na Karani mwenyewe akasadiki hivyo. Akawa anajipikia uji mbaya. Nilimpelekea chakula mara kwa mara, anakula sebuleni, mlango wazi, anatazama nje.

Kisha kibali cha vinyonga kikaisha, na serikali haikukifanya upya. Vinyonga wa kwetu hawakuruhusiwa tena kwenda nje. Bwana nyama, kijana mwenye adabu, alimwambia Karani wazi: warudishe hawa msituni, na ukitaka kufuga bado, chagua aina nyingine, uniambie kabla ya mvua za masika. Ungedhani Karani atahuzunika. Alikuja kwenye ua uso unang'aa.

"Mama Ireri, hii ni nafasi," akasema. "Nikichagua vizuri, Mama Nyaga atarudi."

"Chagua kuku," nikamwambia.

"Kuku kila mtu anao."

Basi tukaanza kuchagua, yeye upande wake wa ua na mimi wangu, jioni baada ya jioni, kama wazee wanaomtafutia kijana mchumba. Na alichagua hivyo hasa: aliulizia ukoo, aliulizia tabia, aliulizia kama kuna ugonjwa kwao. Alianza na kenge. Nikamwambia kenge atakula kuku wangu, na mimi nitakula wewe. Akaacha. Akafikiria chatu, bwana nyama akamwuliza kama ana mbuzi wa kumpa chakula cha Krismasi. Akaacha. Wiki nzima alikuwa na kifutu kichwani, kwa sababu alisikia kuna watu wanaonunua sumu yake ya kutengeneza dawa ya walioumwa. Nikanyamaza, nikimwombea. Mwishowe akaja akatikisa kichwa.

"Shida yake siwezi kuibeba," akasema. "Akiniuma nikifa, nani atamlisha?"

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema.

Halafu jioni moja akaniambia kwamba zamani, walipokuwa wapya katika ndoa, Mama Nyaga alimsimulia kitu. Kwao wasichana wakichunga mbuzi walikuwa wakitafuta kobe wa mawe. Si kobe mwenye mgongo wa kuinuka kama sufuria, bali kobe bapa, laini, kama chapati yenye miguu. Ukimshtua anakimbia, ndiyo, kobe anakimbia, anaingia kwenye ufa wa jabali na kujibana humo, na hata wasichana wanne wakivuta hatoki. Mama Nyaga alicheka aliposimulia hayo. Karani aliniambia hakumbuki kama alimsikia akicheka tena.

"Huyo," akasema. "Nitamletea wa kwao."

Sikiliza, nilimpenda siku hiyo. Mtu anayekumbuka mkewe alichekea nini miaka yote hiyo si mtu mbaya, hata kama anamwita kwa "Viatu!"

Akashuka Ishiara na kigoda chake. Alikaa kwenye mawe siku nyingi, akifikia kwa shemeji yake, anawatazama kobe kutoka mbali wanavyotoka kuota jua na wanavyorudi. Alienda pia kumsalimia mke wake nyumbani kwa marehemu mama yake. Alikaribishwa uani, akapewa uji wa mawele, na mwenyeji akaingia jikoni. Aliporudi nilimwuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia nimekuja kwa ajili ya kobe."

"Karani! Umesafiri mpaka kwa mke wako, ukamwambia umekuja kwa ajili ya kobe?"

"Kwani sikuja kwa ajili ya kobe?" Alishangaa kweli.

Kibali kikatoka, na kobe wachache wakaja, ndani ya kikapu chenye nyasi kavu. Kijiji kizima kikaja kuwaona. Ni wazuri, ukiwatazama vizuri, rangi ya mawe yenye mistari ya asali. Hakuna aliyepiga nduru. Wanawake waliwashika. Na sisi watu wa juu tuna ugonjwa wetu: tukiona kiumbe kimetoka chini, tunakilisha. Maskini wa watu, wametoka kwenye ukame! Karani aliwajengea kibanda cha mbao, akajaza udongo mweusi wa shambani, laini, wa kupandia. Akawapandia matawi ya viazi vitamu. Akawanyunyizia maji kila asubuhi ili wasikumbuke kiu. Huyu akaleta majani ya malenge, yule sukuma wiki, mimi nikaleta ndizi mbivu, zile tamu kabisa za kando ya mto. Mtu aliyekaa siku zote zile kwenye mawe akiwatazama, akarudi akawafanyia kama tunavyofanyia wageni. Macho yalikuwa yameona, lakini mikono ilikuwa ya kwetu.

Kisha akaketi kwenye kigoda akangoja wale mbele yake.

Hawakula. Walikaa kwenye pembe moja, mmoja juu ya mwingine, wakisukuma ubao kwa vichwa, wakitafuta ufa. Julai ikaja na ukungu wake. Asubuhi moja Karani aliniita akanionyesha: puani mwa kobe mkubwa palikuwa na povu, na kila akivuta pumzi kulikuwa na sauti ndogo ya kukoroma. Yule mdogo alikuwa hafungui macho. Karani hakusema wanakufa. Alisema, "Sasa hawezi kurudi, Mama Ireri," nami nikajua haongei juu ya kobe.

Mimi nilikuwa nafanya biashara ya kushusha ndizi Ishiara siku za soko na kupandisha ndengu. Kwa hiyo wiki ile nilipomaliza kuuza nilikwenda kwa Mama Nyaga, nikamwambia kobe wa Karani wanaumwa.

"Amewaweka wapi?" akauliza.

Nikamweleza, na wala sikuficha fahari: udongo laini, majani mabichi, maji kila siku, ndizi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jikoni. Halafu akaacha ghafula, akafuta macho kwa leso, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Twende," akasema.

Tulipofika hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kibandani, na Karani, aliyekuwa kwenye kigoda, akasimama kama mwanafunzi. Mama Nyaga akaingiza mkono kwenye udongo, akatoa konzi, akaikamua. Maji yakadondoka. Akamchukua kobe mdogo, akampangusa pua kwa pembe ya leso, akamweka kifuani ndani ya nguo.

"Wamekula?" akauliza.

"Bado," Karani akasema. "Nakaa hapa kuwangoja. Kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akamtazama. Sijui kama nilipaswa kuwepo pale, lakini nilikuwepo.

"Baba Nyaga," akasema, bila hasira yoyote, "mimi umewahi kuniona nikila?"

Ungemwona Karani. Mtu mwingine angesema, ah, maneno gani hayo, au angesema, si ni desturi. Lakini alikuwa mtu wa mizani. Alifikiri kweli, akarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akachambua, nasi tukasimama tukimngoja.

"Hapana," akasema.

"Watu wanasema ni vinyonga," Mama Nyaga akaendelea. "Vinyonga niliwazoea. Hata kile cha kanisani, kilikuwa kitoto tu, kilinidhani mimi ni mti. Ni baridi, Baba Nyaga. Ni baridi, na kuonewa huruma. Miaka yote, kula mama, kwenu hakuna. Kwetu kuna mawele. Kwetu kuna ndengu, kuna jua, kuna kaburi la mama yangu. Hakuna aliyeniuliza nakula nini." Kisha akamalizia polepole, "Maswali yako matatu yale, nilikuwa nayasikia nikiwa jikoni."

Nilitazama ndizi zangu zilizokuwa zinaoza kwenye pembe ya kibanda.

Akachukua kikapu, akatandika majani makavu ya mgomba, akawaweka kobe mmoja mmoja. "Hawa ninarudi nao," akasema.

Karani akapata sauti. "Lakini kibali kina jina langu."

"Basi fuata kibali chako."

Nilicheka, samahani, nilishindwa kujizuia. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama mlangoni pa kibanda muda mrefu baada ya sisi kwenda stendi.

Huenda wewe msomaji unaona ni jambo rahisi, apande gari amfuate mke wake. Kwetu si rahisi. Mwanamume anayehamia kwa mkewe, watu husema ameolewa. Watamwimbia kilabuni. Na huyu alikuwa Karani, mzee wa kanisa, mtu aliyesukuma madebe ya kijiji kizima kwa mguu. Alijua vizuri idadi ya watu waliokuwa wanangoja siku ya kumcheka. Alimaliza msimu wa kahawa. Hakuongea juu ya jambo hilo, na mimi, ambaye huongea juu ya kila jambo, sikumwuliza. Msimu ulipokwisha akakabidhi mizani. Kisha akafungua vibanda vya waya, akachukua kofia na kijiti, akawasindikiza vinyonga wa mwisho mpaka msituni, mmoja mmoja, "Twende, mzee," "Twende, mama." Ilimchukua siku nzima na sehemu ya kesho yake. Wanaume wa kilabuni walikaa kando ya njia wakitoa maneno. Mmoja akamwuliza kwa sauti kama mahari yake imeshalipwa. Karani aliinua kofia kwa heshima, kinyonga akiwa ndani, akaendelea.

Alipoondoka alibeba kigoda, kibali, na sweta aliyokuwa amevaa.

Sikumwona karibu mwaka mzima, kwa sababu goti lilinizuia kusafiri. Niliposhuka tena Ishiara nilibakiza mkungu mmoja mzuri, nikawapelekea. Mama Nyaga alinipokea njiani, amenenepa, hakohoi. Alinionyesha kobe kwanza. Alikuwa amepanga mawe bapa juu ya mawe bapa, yenye nyufa kati yake, juani kabisa, juu ya changarawe kavu. Sikuona kobe hata mmoja, na nikamwambia hivyo. "Ndiyo," akasema kwa furaha, "huwezi kuwaona." Jike lilikuwa limetaga. Kobe hawa hutaga yai moja tu, akaniambia, wanaliweka mchangani na kuliacha.

"Na Karani?" nikauliza.

Akapunguza sauti. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya, akasema. Joto lilimwangusha. Ngozi ilimtoka, usingizi ukamkataa, chakula hakukitaka kabisa. Mawele alisema yanamkwama, ndengu alisema ni za ng'ombe. Alikonda mpaka shemeji zake wakasema arudishwe kwao kabla hajawafia. "Nikawaambia wamwache. Huyu ni wa baridi. Lazima umtengenezee."

Akanipitisha nyuma ya nyumba. Palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa kutoka bafuni, na maji ya kuogea yaliyopita humo yalikuwa yamelowesha kipande cha ardhi si kikubwa kuliko chumba. Humo kulikuwa na migomba miwili, nduma zenye majani mapana, na juu yake paa la nyasi. Upande wa upepo ulikuwa umetundikwa gunia lililoloweshwa. Ukiingia unasikia ubaridi usoni. Katika mji wote wa Ishiara sidhani kulikuwa na mahali pengine kama hapo. Ndani yake aliketi Karani, kwenye kigoda chake, amevaa fulana tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila sweta.

"Mama Ireri," akasema. "Kahawa yenu bado ina kijani?"

"Kahawa haina jirani," nikamjibu, naye akacheka. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, na nililia kidogo pia, nikasingizia jasho.

Nikataka kumpa ndizi. Mama Nyaga akauzuia mkungu kwa mkono. "Mpe moja tu," akasema. "Ukimjaza hatakula chakula." Akaenda jikoni, akarudi na sinia moja, ndengu upande mmoja na nduma upande wa pili. Akaiweka juu ya jiwe kati yao, akavuta kigoda kingine, akaketi hapo hapo mbele ya mumewe. Wakanawa. Wakanikaribisha, nikasema naja. Yeye akaanza na ndengu. Karani akaanza na nduma, halafu mkono wake ukavuka upande wa pili, ukachukua ndengu.

Nilisahau kabisa kwamba nimekaribishwa, nikabaki nawatazama.

"Unaangalia nini?" Mama Nyaga akaniuliza, kinywa kimejaa, bila haya yoyote.

"Nawaangalia mnavyokula."

Akatazama sinia, akatazama mzee wake. "Huyu alinisumbua," akasema. "Kila siku naweka chakula, naketi hapa, nangoja. Siku alipokula mbele yangu, ndipo nilipojua hatarudi kwenu."

Karani alikuwa anatafuna.